Mawese ya Mchikichi Ulioinama

Jumapili, tarehe 29 Juni

Mchungaji Revokatus katangaza safari ya misheni. Burundi! Wiki nzima kwenye shamba la kanisa rafiki, karibu na Rumonge. Kulima, kuvuna chikichi, kukamua mawese, jioni kuimba na kushuhudia. Kaomba wa kujitolea wasimame.

Sikusimama. Mgongo wangu na jembe havijawahi kupatana.

Halafu Yonasi akasimama. Yonasi fundi matofali, mwimba besi, mtu anayetoka jasho hata akiwa amekaa. Kanisa zima likampigia makofi. Hapo nikakumbuka kwamba mwisho wa mwezi ujao tunachagua mwenyekiti wa kwaya, na wagombea ni wawili tu, yeye na mimi. Mwenyekiti anakaa mbele, kwenye kiti chenye mikono. Mwenyekiti ndiye mwenye funguo za spika. Kufumba na kufumbua nikajikuta nimesimama, mikono yote juu, nasema amina.

Nyumbani nikamwambia Mama. Nilitegemea anisifu. Aliendelea kuchambua maharage.

Mama yangu, Agata, ni wa huko huko. Alikimbia Rumonge akiwa msichana, mwaka ule wa mauaji, sabini na mbili, kwa mtumbwi, na hajarudi tena. Wenzetu wa hapa Mishamo, makazi yetu ya wakimbizi, walipoambiwa wachague, kurudi au kubaki, nusu ya mtaa wetu ilipanda malori. Mama alibaki. Alisema kule hajui angemgongea nani mlango. Mimi nimezaliwa hapa, na Burundi yangu yote imetoka kinywani mwake: ziwa, ndagala, yaani dagaa, waliotandazwa mchangani, jiwe walilokaa wanawake wakipasua mbegu za chikichi, na mchikichi ulioinama juu ya jiwe. Kila jioni anatia mawese ya soko la Kigoma kwenye maharage, anaonja, anasema maneno yale yale. "Mazuri. Siyo yale." Nimeyasikia tangu nanyonya, kwangu ni kama sala ya chakula.

Leo baada ya kula aliniambia nikipaona kwao nimletee mawese ya mchikichi ule. Hata chupa ya soda itatosha. Nikaahidi palepale. Kuahidi hakuumizi mgongo.

Mkakati: kwenda, kupigwa picha nikifanya kazi, kutofanya kazi, kurudi, kushinda.

Ijumaa, tarehe 4 Julai

Njiani tangu juzi. Coaster ya kukodi, watu kumi na wanne na spika moja. Yonasi kaja na jembe lake mwenyewe kutoka nyumbani! Mpini kaufunga nailoni usichubuke. Mchungaji alikaribia kulia. Mimi nimekuja na mto wa kulalia. Mpakani Manyovu afisa wa uhamiaji aliniuliza nakwenda kufanya nini Burundi. Nikajibu nakwenda kulima katika shamba la Bwana. Akautazama mto.

Upande wa pili mambo ya ajabu. Watu nisiowajua kabisa, lakini wana pua za shangazi zangu. Mtu anacheka nyuma yako, unageuka ukidhani ni mjomba.

Nyanza-Lac tulikwama. Dereva aliondoka kutafuta mafuta ya gari, esansi wanaita wao, na foleni ilikuwa ndefu. Wanawake wa sokoni waliposikia Kiswahili chetu wakatuzunguka. Wa Mishamo! Wa Katumba! Wa Ulyankulu! Wote walikuwa wakimbizi kwetu, wakarudi na yale malori. Hawakutuuliza habari za Mungu hata kidogo. Waliuliza kama mnada bado ni Jumamosi, kama mwalimu fulani yu hai, kama ule mwembe wa shule umekatwa. Mmoja, Tahira, muuza kitenge, aliniuliza kuhusu kisima cha mtaa wetu. Bomba lake bado linalia kama zamani? Alisema maji yale yalikuwa matamu, na hapa ana ziwa zima mbele yake lakini kiu ile haijaisha.

Kisima kimekauka miaka mingi. Nilimwambia kinalia vizuri sana. Alifurahi hata nikaongeza kwamba watu wanakiita kwa jina lake. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Jamani. Mama analilia huku, hawa wanalilia kule, na mimi niko katikati na mto wangu.

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Kazi imeanza. Msimamizi wa shamba anaitwa Leonsi. Mrefu, mkavu, naye ni mrejeo, ndivyo wanavyoitwa waliorudi, kutoka Ulyankulu, Kiswahili chake nusu Tabora nusu Rumonge. Kanipa mstari wa kupalilia, kutoka mchikichi huu hadi mchikichi ule. Mwisho wa mstari sikuuona kwa macho.

Nikamwita kando. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi nimetumwa katika kitengo cha picha. Akanijibu kwamba kitengo hicho hapa hakipo. Kuna majembe.

Basi nikaenda kwa Elda. Elda anaimba alto na ana simu nzuri kuliko wote. Nikamwahidi uweka hazina katika serikali yangu ijayo ya kwaya. Akakubali. Nikaazima jembe la Yonasi alipokwenda kunywa maji, nikajimwagia chupa ya maji usoni, jasho likapatikana. Picha nane! Nikiinama. Nikifuta paji la uso. Nikitazama mbali kwa imani. Elda akazirusha zote kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, na kabla ya chakula cha jioni amina zilikuwa zinamiminika kutoka Mishamo.

Mstari wangu aliumaliza Yonasi. Tabia yake hiyo inanichosha.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Aibu! Kuna mtu kule nyumbani asiye na kazi ya kufanya, amezikuza picha zangu. Kaona suruali yangu ina mstari wa pasi. Kaona kwenye picha ya tatu jembe nimelishika makali yakitazama mbinguni. Kundi zima linacheka tangu asubuhi.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba katika kila picha, nyuma yangu, kwa mbali, yupo Yonasi. Kainama. Analima. Mama mmoja wa idara ya wanawake kauliza yule ndugu wa nyuma anayefanya kazi kweli ni nani. Wakajibu ni Yonasi. Amina hamsini! Kwa picha zangu mwenyewe! Kwa bando nililolinunua mimi!

Nikaona nitafute mahali ambapo Yonasi hayupo. Mchana nikampandisha Elda hadi juu kabisa ya shamba, kwenye michikichi mizee ambayo haipaliliwi sana. Pazuri mno. Ziwa lote chini, na ng'ambo milima ya Kongo. Kulikuwa na jiwe kubwa lenye ukoga, na mchikichi mmoja umeinama juu yake. Nikakaa juu ya jiwe. Nikapakata mkungu wa chikichi uliokatwa na Leonsi asubuhi, nikautazama kama niliouhangaikia. Picha moja tu, lakini picha. Hakuna Yonasi hata kivuli. Elda akairusha kundini jioni ile ile.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Leo sijui niandikeje.

Asubuhi simu ya Elda ililia, video, kutoka kwa jirani yetu Niyonkuru, aliyemo kwenye kundi. Nikajua kuna msiba. Uso wa Mama ukatokea, karibu sana, jicho moja na nusu ya kilemba. Nikamwamkia.

"Melkiades, jana ulikuwa umekalia jiwe la mama yangu. Rudi pale."

Nikacheka. Nikamwambia Mama, mawe yako mengi. Akasema rudi. Sauti ile sijaisikia tangu nilipokuwa mtoto nimemwaga maziwa. Tukapanda tena, mimi na Elda, na Leonsi akatufuata kuona tunakwepa kazi gani. Mama akaniambia nikwangue ukoga. Nikakwangua kwa panga la Leonsi. Chini yake kulikuwa na vishimo, safu nzima, vimelainika kama bakuli, pale wanawake walipokuwa wakiweka mbegu na kuzipasua kwa jiwe dogo, mwaka hata mwaka. Leonsi alipiga mluzi. Alisema anapita hapo kila siku na hakuwahi kujua.

Mama akasema hivyo ni vya wakubwa. Akasema nende ukingoni, upande wa ziwa, chini kidogo. Pale mama yake alimtengea kishimo chake, akiwa mtoto, asiwasumbue wakubwa. Nikapiga magoti. Nikapitisha kidole chini ya ukoga, taratibu, na kidole kikazama. Kishimo kidogo, hata yai lisingetosha.

"Kipo, Mama."

Simu ikaonyesha bati la nyumba ya Niyonkuru kwa muda mrefu. Tulimsikia tu. Nililia, na sioni haya kuandika. Elda alilia. Leonsi akavua kofia, akageukia ziwa.

Hakuuliza habari za ardhi. Leonsi alianza kueleza kwamba pale walikaa watu waliokimbia, halafu wengine, halafu kanisa, na Mama akamwambia basi mwanangu, nashukuru, murakoze. Aliuliza kitu kimoja tu. Je, mchikichi ule bado unazaa?

Leonsi akatazama juu, akasema unazaa.

Mpaka naandika haya sijakifikiria kiti chenye mikono hata mara moja. Labda mara moja.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Leonsi alijitolea kupanda akate mikungu. Mimi nikasita. Nikawaza. Mwana anapanda mchikichi wa mama yake! Picha hiyo Yonasi ataijibu na nini?

Nikasema nitapanda mwenyewe. Leonsi aliniuliza mara mbili kama nimewahi. Nikamwambia iko kwenye damu. Akanifunga ule mkanda wa kamba unaozunguka shina na kiuno, akanionyesha namna ya kuegemea nyuma na kuurusha juu. Jinsi mti ulivyoinama, mwanzo ni rahisi. Nikaenda vizuri. Nikamwita Elda anipige kutoka chini. Nikatazama chini.

Sikumbuki mengi baada ya hapo. Nililikumbatia shina. Magamba yake yalinichoma kifua, nikazidi kulikumbatia. Leonsi aliniambia niegemee nyuma, nikamwambia aegemee yeye. Wenzangu walikuja kutoka mistari yao. Yonasi akaanza kuomba kwa sauti, halafu akaanzisha wimbo ili nisiogope, kwaya ikaitikia kwa sauti zote nne, nami nikiwa juu pale kama kifaranga. Leonsi akatafuta mkanda mwingine, akapanda hadi nilipo, akanishusha mguu baada ya mguu. Kisha akarudi juu peke yake, akakata mikungu miwili, akashuka kabla sijamaliza kuhema.

Elda alirekodi yote. Alitaka kuirusha kwenye kundi. Yonasi akamsihi asifanye hivyo. Namchukia sana anapokuwa mwema.

Mikungu tumeipasua, tukaifunika kwa magunia na majani chikichi zilegee. Kulala kifudifudi haiwezekani, chali haiwezekani.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Siku ya mawese. Chini karibu na barabara anakaa Mariyamu, mama wa Kiislamu wa Rumonge, mwenye pipa na mashine ya kukamulia. Kilima chote kinapeleka chikichi kwake. Alinipokea vizuri, akaniambia pipa iko, mashine iko, maji iko, lakini kuni kila mutu analeta zake. Kavu ziko ng'ambo ya kijito, juu kule.

Nikatazama kijito. Nikatazama juu kule. Nikatazama matawi mabichi ya mikaratusi yaliyokatwa jana hapo hapo karibu na choo. Kuni ni kuni.

Moshi! Nimeona moshi wa mabiwi, nimeona moshi wa tumbaku, sijaona kama huu. Barabarani waendesha baiskeli walipunguza mwendo. Mariyamu alihamisha kiti chake kwa jirani, halafu akakihamisha tena kwa jirani wa jirani.

"Weye mutoto wa Mishamo," aliniita kutoka kule, "unapika mawese ao unafukuza nyuki?"

Nilikaa palepale. Nilichochea, nikapuliza, nikatwanga, nikaizungusha ile mashine mwenyewe kwa mikono hii, mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Simu ya Elda haikuwa na chaji. Hakuna picha hata moja! Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nimefanya kazi bila shahidi. Jioni nikaengua mafuta juu ya maji, nikayachemsha tena, nikapata dumu dogo, lile la lita tatu, limejaa. Mekundu ya kuiva. Nikabaki nayatazama.

Halafu nikayanusa. Moshi mtupu. Yonasi alionja kwa kidole, akasema kwa upole moshi kidogo hauui mtu. Mariyamu kaleta ya kwake tulinganishe. Mangavu, safi, hayana harufu yoyote. Niliona haya. Mama kasubiri zaidi ya miaka hamsini, na mimi nampelekea mawese ya kuungua!

Jumapili, tarehe 13 Julai

Ibada ya kuagana. Warejeo walikuja wengi, wengine kutoka Magara, na wakaimba nyimbo za kambini, zile za zamani tulizofundishwa tukiwa wadogo wa Sunday school, ambazo sisi tuliobaki tumeshaziacha. Wao wamezitunza zote, beti kwa beti. Nilipoteza ufunguo wa sauti.

Baadaye Leonsi alikaa nami kibarazani. Alisema kitu anachokikosa zaidi cha Ulyankulu si watu wala nyumba. Ni harufu ya bani la kukaushia tumbaku kwa moshi, jioni. Akaliona dumu langu, akafungua, akanusa, akafumba macho muda mrefu. Nikajua anakereka. Nikalifunga haraka.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Safari ya kurudi. Ndani ya gari Mchungaji alishika kipaza sauti akasifu mtumishi mmoja aliyelima mistari miwili kila siku, wake na wa mwenzake. Hakutaja mwenzake. Watu wote walinitazama.

Hali ni mbaya. Ilibidi nitende jambo. Nikajaza chupa moja ya mawese kutoka kwenye dumu, nikamsogelea Mchungaji, nikamwambia haya ni mawese ya urithi, kutoka mti wa bibi yangu, pokea. Aliguswa sana. Akaniita mwanangu.

Tulipofika Nyanza-Lac nikalijaza tena dumu kwa mawese ya sokoni. Na hapo, loo, akili ikafunguka! Mchungaji anapata zawadi, na Mama anapunguziwa moshi. Kwa mkupuo mmoja! Basi nikaendelea. Chupa kwa Elda, ili ile video ifutike. Mpakani, kwa muuza vitu vya kukaanga, nikajaza. Chupa kwa dereva, nikapata kiti cha mbele. Kigoma nikajaza. Chupa mbili kwa wazee wawili wa kanisa wenye kura. Nikajaza tena.

Usiku tunaingia Uvinza nikalifungua dumu na kunusa. Safi kabisa! Hakuna moshi hata wa dawa. Mekundu, mangavu, mawese ya kumpa mtu ukiwa umesimama wima. Na dumu ni lile lile. Mafuta ni mafuta.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Nyumbani. Mama alinipokea mlangoni amevaa kitenge cha Krismasi. Hakuniuliza habari za safari. Alilichukua dumu kwa mikono miwili, akaliweka mezani, akalitazama. Niyonkuru naye alikuja, akakaa pembeni.

Mama alipika mwenyewe, ingawa magoti yanamsumbua. Ugali wa muhogo na maharage. Akamimina mawese juu. Akaonja. Akafumba macho, nami nikajiandaa kukumbatiwa.

"Mazuri," alisema.

Akaonja tena.

"Siyo yale."

Nikaweka tonge chini. Nikaapa! Nikamweleza mkanda, magamba, mikungu miwili, nikamwonyesha malengelenge ya kiganja. Mama akanishika mkono, akasema anajua nimehangaika, labda ni ulimi wake ndio umezeeka. Alikula yote. Hakuwa na hasira hata chembe, na heri angekuwa nayo. Halafu, akikusanya sahani, akacheka peke yake.

"Yale yalikuwa na moshi," alisema. "Mama yangu alikuwa mvivu wa kufuata kuni kavu ng'ambo ya kijito. Alichemshia mbichi. Kilima chote kilimcheka, na sisi hatukujua ladha nyingine."

Nilitoka nje. Nikasimama nyuma ya choo mpaka Niyonkuru alipokuja kuniuliza kama ninaumwa tumbo.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Kulipokucha tu nilikuwa kwa Mchungaji. Nikamwambia nimekuja kuliomba tena dumu, yaani chupa, yaani ile chupa ya urithi. Mkewe akaja na uso wa kunionea huruma. Alisema yalinuka moshi, hayaliki, kayapikia sabuni. Akanipa kipande. Nimekinusa. Hakina kitu.

Kwa Elda: kakaangia samaki, wakala wakikunja uso. Wazee wawili: mmoja kapaka bawaba za mlango, wa pili kampa mbwa. Dereva keshaondoka na gari, Sumbawanga.

Nimelikung'uta dumu. Nimeliweka juani kichwa chini, chombo kimekingwa. Limetoka tone moja, na ni la Kigoma.

Nilikuwa nayo. Siku mbili nzima niliyapakata yale yale, na sikujua.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Sikulala, nimepata hila.

Alasiri nimekata matawi mabichi, nikayarundika kwenye jiko la nje, nikayawasha kwa shida, na juu ya moshi nikaweka sufuria ya mawese ya sokoni, wazi, bila kifuniko. Hesabu yangu: moshi utaingia mafuta, mafuta yatakuwa yale, Mama hatajua. Nimepuliza mpaka macho yakafura. Majivu yakaingia kwenye sufuria. Jani likaingia. Mjusi alitaka kuingia.

Mama aliita kutoka kibarazani, akauliza ninaunguza nini. Nikajibu siunguzi kitu, Mama. Nikaona moshi unaelekea kwake, nikakimbilia mlango wa jiko nikaufunga.

"Acha wazi, mwanangu."

Nikaufungua. Nikachungulia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kilemba kimeteleza, uso ameuelekeza kwenye moshi, macho kafumba. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini kwa moshi ule yangemtoka mtu yeyote. Midomo ilikuwa inacheza. Alikuwa anaimba, Kirundi, wimbo mfupi unaojirudia, na kwa vidole viwili alikuwa anagonga sakafu, ko, ko, ko, kama anayepasua mbegu. Sikumwita. Niliongeza tawi jingine bichi, halafu jingine. Alikaa vile mpaka moto ulipokufa wenyewe.

Jioni nikampakulia. Mawese yalikuwa na majivu mengi na moshi kidogo sana, nilionja mwenyewe. Mama akaonja. Alinitazama, macho yangu mekundu, nywele zangu zina majivu.

"Mazuri," alisema.

Nikasubiri yale maneno mengine mawili. Nilisubiri hadi sahani ikawa tupu. Hakuyasema.

Kadanganyika kabisa! Hila imefanya kazi.

Jumapili, tarehe 27 Julai

Uchaguzi. Yonasi kura zote isipokuwa moja. Hata Elda! Hata wale wazee wa mawese! Yonasi alikalia kiti chenye mikono kama mtu aliyekaliwa na kiti, halafu akasimama akasema funguo za spika angependa nizitunze mimi, maana yeye hushinda kwenye matofali. Nimezipokea kwa shingo upande. Namchukia sana.

Mchungaji katangaza kwamba mwakani tunarudi Rumonge. Nimekuwa wa kwanza kusimama. Mama naye kasimama, na magoti yake yale. Anasema atakaa kiti cha mbele, na kuni atakuja kunionyesha za kukata.

Nimerudi nyumbani nawaza. Yule Tahira wa Nyanza-Lac, anayekilia kisima chetu. Nani aliyewahi kumpelekea mtu maji ya nyumbani? Hakuna! Na walivyo wengi pale sokoni! Nimeshakusanya chupa tupu, nimeziosha, nimezipanga chini ya kitanda. Kisima kimekauka, kweli, lakini bomba la shule linatoka vizuri.

Maji ni maji.